Ajali ya Colgan Air 3407 karibu na Buffalo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaotaka kuelewa jinsi ndege ya pangaboi, iliyokuwa nzima na yenye injini zote mbili zikifanya kazi, ilivyoanguka usiku wa theluji dakika chache kabla ya kutua. Takwimu za safari hiyo zinatokana na uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, uliokamilika Februari 2010. Kasi ya ndege tumeitaja kwa noti. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Saa tumezitaja kwa hesabu ya Kiswahili, kwa saa za huko.

Ilitokea nini, kwa ufupi?

Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ndege aina ya Bombardier Q400 iliondoka Newark, New Jersey, kwenda Buffalo, New York. Ilichelewa sana kuondoka kwa sababu ya upepo mkali Newark, na iliruka kama saa 3:18 usiku. Saa 4:17 ilianguka juu ya nyumba katika eneo la Clarence Center, kama maili tano za anga kutoka uwanjani. Wote 49 waliokuwamo walikufa: abiria 45, marubani wawili na wahudumu wawili. Ndani ya nyumba alikufa mtu mmoja; wawili walijitoa wakiwa hai. Jumla ya waliokufa ni 50.

Tiketi ziliuzwa kwa jina la Continental Connection, lakini mwenye marubani, mafunzo na taratibu za kazi alikuwa Colgan Air, kampuni ndogo iliyokodiwa kuruka njia fupi. Abiria wengi hawakujua tofauti hiyo. Moja ya matokeo ya ajali hii ni sheria inayolazimisha anayeuza tiketi Marekani kumwambia mnunuzi, kabla hajalipa, ni kampuni ipi hasa itakayomrusha.

Ndege ilikuwa mbovu?

Hapana. Ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja kazini. Wachunguzi hawakuona hitilafu yoyote ya injini, usukani wala mifumo ya kuondoa barafu iliyochangia ajali.

Hali ya hewa ilikuwaje?

Mbaya, ila ya kawaida kwa Buffalo mwezi Februari. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka, kulikuwa na ukungu, mwonekano ulikuwa kama maili tatu, upepo ulitoka kusini-magharibi kwa mikupuo, na joto uwanjani lilikuwa karibu na nyuzi sifuri. Hiyo ndiyo hali inayopenda kugandisha barafu kwenye ndege: mawingu yenye matone ya maji ambayo tayari ni baridi kuliko sifuri lakini bado hayajaganda, yakisubiri kitu cha kugandia. Ukingo wa mbele wa bawa ndio unaopigwa kwanza.

Ndege nyingine zilizopita eneo hilo usiku huo ziliripoti barafu pia, na zikatua salama. Ukweli huo ulipaswa kuwazuia watu mapema kusema kwamba “hali ya hewa ndiyo iliyoua”.

Basi barafu siyo iliyoiangusha?

Siyo. Barafu ilikuwapo, na marubani waliiona na kuizungumzia. Mfumo wa kuiondoa waliuwasha dakika 11 baada ya kuruka na ukabaki umewashwa hadi mwisho. Katika Q400, kingo za mbele za mbawa na za mkia zimevishwa mipira mizito inayojazwa upepo na kupumuliwa kwa zamu. Mpira ukifura, barafu inapasuka na kupeperushwa. Mapangaboi, vioo vya mbele na mirija ya kupimia kasi hupashwa moto kwa umeme.

Wachunguzi walipolinganisha mwendo halisi wa ndege na hesabu ya ndege safi isiyo na barafu, tofauti ilikuwa ndogo. Barafu ilipunguza uwezo wake kidogo tu. Kilichoiangusha ni kasi iliyoachwa ishuke bila mtu kuiangalia, kisha mkono uliovuta usukani pale ulipopaswa kuusukuma.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba ipo ajali nyingine ambako barafu kweli ndiyo iliyoua: ATR 72 ya American Eagle namba 4184, iliyoanguka Roselawn, Indiana, tarehe 31 Oktoba 1994 na kuua watu 68. Huko barafu iliganda nyuma ya mipira, mahali ambapo mipira haifiki. Ndege zote mbili ni za pangaboi na zote zilikutana na barafu, lakini visa ni tofauti kabisa.

Sekunde za mwisho zilikwendaje?

Ndege ilikuwa futi 2,300, ikiongozwa na otopailoti, mtambo unaoendesha ndege bila mkono wa rubani, iliyoagizwa ibaki kwenye kimo hicho. Marubani walikuwa wakijiandaa kutua njia ya kurukia namba 23. Kwa mkupuo mmoja walifanya mambo kadhaa ambayo yote yanapunguza mwendo: nguvu ya injini ilishushwa karibu na mwisho wa chini, magurudumu yakateremshwa, na mapangaboi yakawekwa kwenye mzunguko wa juu, ambapo yanakinza upepo kwa nguvu. Kila kimoja peke yake ni cha kawaida kabisa kabla ya kutua. Kosa ni kwamba nguvu haikurudishwa.

Otopailoti haijui kama mwendo unakwisha. Imeambiwa ishike futi 2,300, nayo itashika. Kasi ikipungua, inainua pua taratibu ili bawa liendelee kubeba uzito uleule, na inapoinua pua kasi inapungua zaidi. Chini ya nusu dakika ndege ilishuka kutoka karibu noti 180 hadi 131. Kwenye skrini ya kila rubani, ukanda mwekundu na mweusi unaoonyesha kasi ya hatari ulikuwa unapanda kuufuata mshale wa kasi. Hakuna aliyesema neno.

Kwenye noti 131, wakati flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa ili libebe zaidi kwenye kasi ndogo, zikiwa njiani kutoka nyuzi 5 kwenda 10, usukani ulianza kutetemeka. Ni chombo maalumu kinachoutikisa kwa kelele ili rubani ajue kuwa bawa linakaribia kuishiwa nguvu ya kuinua. Otopailoti ilijizima papo hapo, kama ilivyotengenezwa kufanya. Rubani mkuu akavuta usukani kwa nguvu ya kama kilo 17. Pua ikapanda hadi nyuzi 31. Aliongeza nguvu ya injini, lakini hakufika mwisho. Rubani msaidizi, bila kuagizwa, alirudisha flapu hadi sifuri, na hivyo kuliondolea bawa sehemu ya uwezo wake pale lilipouhitaji zaidi.

Ndege ilibiringika nyuzi 45 kushoto, kisha nyuzi 105 kulia, yaani bawa moja lilipita wima na kuanza kutazama chini. Kasi ikashuka hadi karibu noti 100. Mara tatu kifaa cha kusukuma usukani, ambacho ni kinga ya mwisho, kiliupeleka mbele chenyewe ili kuteremsha pua. Mara zote kilikutana na mkono unaovuta. Tangu usukani ulipotetemeka hadi ndege kugonga ardhi hazikupita sekunde 30.

Bawa “kuishiwa nguvu ya kuinua” maana yake nini? Injini zilizima?

Injini hazikuzima. Bawa hubeba ndege kwa sababu upepo unapita juu yake ukiwa umeshikana na mgongo wake. Ukiongeza pembe kati ya bawa na upepo unaokuja, bawa linabeba zaidi, lakini hadi kikomo fulani, ambacho kwa mbawa nyingi ni kama nyuzi 15. Ukipita hapo, upepo unaachana na mgongo wa bawa na kuvurugika. Ubebaji unaanguka ghafla, mara nyingi upande mmoja kabla ya mwingine, ndiyo maana ndege hubiringika.

Hapa pana jambo linalowapiga chenga wengi. Usukani ulipoanza kutetemeka, ndege ilikuwa bado inaruka vizuri, ikiwa na akiba ya kasi ya kutosha. Kitendo cha kuvuta kiliongeza mzigo juu ya mbawa hadi kama mara 1.4 ya uzito wa kawaida. Kasi ambayo bawa linashindwa hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo huo, na kipeuo cha pili cha 1.4 ni karibu 1.18. Ndege ambayo ingeshindwa kwenye noti 105 hivi ikashindwa kwenye noti 125 hivi. Kwa maneno mengine, onyo lilikuja mapema, na hatua iliyochukuliwa baada ya onyo ndiyo iliyoleta kile kilichokuwa kinaonywa.

Rubani alipaswa kufanya nini?

Utaratibu unaofundishwa leo, kwa mpangilio huu huu:

1. Zima otopailoti. Hapa ilijizima yenyewe.
2. Sukuma usukani mbele hadi mtetemo ukome. Hili linatangulia yote, hata kama unapoteza kimo.
3. Kama bado pua inataka kupanda, tumia trimu (kirekebishi kinachoshikilia pua bila kubana usukani) kuishusha, kwa sababu otopailoti huenda ilikuwa imeielekeza juu.
4. Nyoosha mbawa.
5. Ongeza nguvu ya injini kadiri inavyohitajika.
6. Rudi taratibu kwenye njia yako. Flapu na magurudumu usiyaguse mpaka ndege itulie.

Ndege ilikuwa na zaidi ya futi 1,000 za kuchezea. Kusukuma mara moja kungetosha.

Kwa nini basi alivuta? Rubani mzoefu hajui jambo hilo?

Analijua darasani. NTSB iliona kitendo chake kuwa cha mtu aliyeshtuka na kuchanganyikiwa. Haikukiona kama uamuzi. Lakini mshtuko peke yake hautoshi kueleza, na hapa ndipo mafunzo ya wakati ule yanapostahili lawama.

Kwa miaka mingi zoezi la simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza ndege, lilifanywa hivi: rubani anaambiwa mapema kuwa onyo linakuja, anasubiri usukani utetemeke, kisha anaongeza nguvu na kushikilia kimo, na anapewa alama kwa kupoteza futi chache iwezekanavyo. Matokeo yake ni mkono uliozoeshwa kung’ang’ania kimo. Hakuna aliyetakiwa kupita hatua ya onyo hadi bawa lishindwe kweli, na kuonja kisukuma usukani ndani ya simuleta hakukuwa sharti. Basi mtu anaweza kuruka maelfu ya saa na siku ya kwanza kuhisi kifaa hicho ikawa siku yake ya mwisho.

Nimesikia kwamba alidhani ni mkia uliogandiwa na barafu. Ni kweli?

Nadharia hiyo ilivuma sana miezi ya mwanzo. Mkia ukigandiwa hadi ukashindwa, dawa yake ni kinyume: vuta usukani, punguza flapu. Marubani wa Colgan walikuwa wameonyeshwa video ya mafunzo ya NASA kuhusu jambo hilo, na vitendo vya usiku ule vinafanana na dawa hiyo. Hata hivyo NTSB iliikataa, kwa hoja mbili: Q400 si ndege inayoathirika kwa namna hiyo, na mtiririko wa vitendo vya marubani hauonyeshi watu wanaotekeleza utaratibu wowote. Wengine bado wanaishikilia nadharia hiyo. Sisi tunaona ushahidi wa NTSB una uzito zaidi.

Kasi ya kutua ilipangwaje, na swichi inayotajwa sana ni ipi?

Q400 ina swichi kwenye paneli ya barafu inayoiambia ndege: “tuko kwenye barafu, toa onyo mapema.” Ikiwashwa, mtetemo wa usukani unaanza kwenye kasi ya juu zaidi kuliko kawaida. Marubani waliiwasha, na walifanya vizuri.

Tatizo ni upande wa pili wa hesabu. Kasi za kutua huombwa kwa ujumbe wa data kutoka mfumo wa kampuni, na anayeomba hutakiwa kuweka neno maalumu linaloonyesha kuwa kuna barafu. Neno hilo halikuwekwa. Zikarudi kasi za hewa safi: noti 118 badala ya karibu 138. Ndege ikawa na amri mbili zinazogongana: alama ya kutua iko 118, onyo liko 131. Hata wangeruka kwa ufasaha wote, usukani ungetetemeka kabla hawajafika kasi waliyojipangia. Hakukuwa na kitu chochote chumbani cha kugundua kutolingana huko. NTSB iliorodhesha udhaifu wa kampuni katika kupanga na kusimamia kasi wakati wa barafu miongoni mwa sababu zilizochangia ajali.

Uchovu ulichangia?

Rubani msaidizi alikuwa anaishi karibu na Seattle, upande wa pili wa bara, na alisafiri usiku kucha akibadilisha ndege Memphis ili kufika kazini Newark. Alikuwa na mafua, na yanasikika kwenye kinasa sauti. Rubani mkuu aliishi Florida, na usiku uliotangulia alilala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani Newark, sehemu isiyo na vitanda vya kulalia ipasavyo. Mishahara ilizungumzwa sana kwenye vikao vya hadhara, na si ajabu: mtu anayelipwa kidogo hawezi kupanga chumba karibu na Newark.

Bodi ilikubali kuwa uchovu huenda uliwadhoofisha, lakini haikuweza kupima kwa kiasi gani, kwa hiyo haikuuweka kwenye sababu rasmi. Mwenyekiti wake wa wakati ule, Deborah Hersman, hakukubaliana na wenzake. Alitaka uchovu uandikwe kuwa sababu iliyochangia. Tuko upande wake. Jambo likiwa gumu kupimika haimaanishi kuwa halikuwapo.

Ni kweli walikuwa wanapiga soga?

Ndiyo. Chini ya futi 10,000, sheria ya Marekani inakataza mazungumzo yasiyohusu kazi. Waliendelea kuzungumza kuhusu kazi zao na uzoefu wao wa barafu hadi dakika chache kabla ya kuanza kushusha magurudumu. Soga haikushusha kasi, lakini ilikula muda wa maandalizi, na kazi zikasongamana mwishoni.

Historia ya mitihani ya rubani mkuu ilifichwa?

Alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa ya kuruka kabla na baada ya kuajiriwa, na kwenye fomu ya maombi hakutaja yote. Mwajiri angeweza kupata rekodi za mamlaka ya anga, FAA, kama angeomba kwa idhini ya mwombaji, lakini haikuwa lazima.

Kinachosikitisha ni kwamba pengo hilo lilikuwa limeonekana tayari. Tarehe 13 Desemba 1994, ndege ndogo aina ya Jetstream ya American Eagle ilianguka usiku karibu na Raleigh-Durham, North Carolina, na kuua 15 kati ya 20. Rubani wake alikuwa na rekodi dhaifu kwa mwajiri wa awali, na mwajiri mpya hakuiona. Bunge likapitisha sheria ya kumbukumbu za marubani mwaka 1996. Ilidai rekodi za waajiri, ikaacha mlango wazi kwenye mitihani ya FAA. Hifadhidata kamili ya kielektroniki ilipatiwa kanuni zake mwaka 2021, miaka 12 baada ya Buffalo.

Sheria zilibadilika vipi?

Ndugu wa marehemu walikwenda Washington mara kwa mara, wakiwa wamevaa nyekundu ili watambulike kwenye vikao, na hawakuacha. Sheria ilisainiwa tarehe 1 Agosti 2010. Mambo makubwa ni matatu.

Mapumziko: kuanzia Januari 2014 rubani wa ndege za abiria lazima apate saa 10 za kupumzika kabla ya zamu, nane kati yake zikiwa za kulala bila kukatizwa. Ndege za mizigo ziliachwa nje ya kanuni hii, na hakuna hoja ya kisayansi ya kutenganisha usingizi wa anayebeba watu na wa anayebeba vifurushi. Ilikuwa hesabu ya gharama.

Mafunzo: marubani wa kampuni za ndege sasa wanapelekwa hadi bawa lishindwe kabisa ndani ya simuleta, na wanaonja kisukuma usukani. Kampuni zilipewa hadi Machi 2019. Kwa maoni yetu hii ndiyo dawa iliyogusa donda lenyewe.

Saa 1,500: rubani msaidizi sasa anahitaji saa 1,500 badala ya 250, pamoja na nafuu kwa waliotoka jeshini (750) na wenye shahada ya urubani (1,000).

Saa 1,500 zingeizuia ajali hii?

Hapana. Rubani mkuu alikuwa na saa 3,379 na msaidizi 2,244. Wote walikuwa wamevuka kikomo. Kilichokuwa kidogo ni saa za rubani mkuu kwenye aina hii ya ndege: 111 tu. Wanaotetea kanuni hutaja kwamba baada ya Buffalo, kwa karibu miaka 16, hakuna kampuni ya ndege za abiria ya Marekani iliyopata ajali kubwa yenye vifo vingi, hadi mgongano wa ndege ya abiria na helikopta ya jeshi huko Washington tarehe 29 Januari 2025. Wanaoipinga husema mafanikio hayo ni ya mafunzo na mapumziko. Ulaya na Afrika Mashariki hazikufuata. Huko rubani msaidizi bado anaweza kuanza na leseni ya biashara ya saa 200 hivi, sawa na kiwango cha kimataifa.

Ndege ndogo ni hatari kuliko kubwa?

Zamani Marekani jibu lilikuwa ndiyo, na sababu iliandikwa kwenye kanuni zenyewe: ndege zenye viti chini ya 31 ziliruka kwa masharti mepesi. Tarehe 25 Agosti 1985 Beechcraft 99 ya Bar Harbor Airlines ilianguka usiku wa mvua ikikaribia Auburn, Maine, na kuua wote wanane, akiwemo Samantha Smith, msichana wa miaka 13 aliyejulikana duniani kwa barua yake kwa Yuri Andropov, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti. Haikuwa na kinasa sauti. Desemba 1995 kanuni zilibadilishwa ili ndege za ratiba zenye viti 10 au zaidi zifuate masharti sawa na kubwa.

Buffalo ilionyesha kuwa masharti sawa kwenye karatasi hayaleti mishahara sawa, walimu sawa wala muda sawa wa simuleta.

Q400 zinaruka kwetu. Je, barafu ni tatizo Afrika Mashariki?

Air Tanzania, Jambojet na RwandAir wote wamekuwa wakitumia Q400, na ni ndege nzuri. Barafu ipo hata kwetu, ila iko juu. Joto hupungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Ukiondoka Dar es Salaam penye nyuzi 30, sifuri unaikuta karibu futi 15,000 hadi 16,000. Q400 husafiri hadi futi 25,000, kwa hiyo hupita kwenye mawingu ya barafu ikipanda na ikishuka. Tofauti na Buffalo ni kwamba inapokaribia kutua huku, hewa ina joto na barafu imekwisha kuyeyuka. Hatari zetu za usiku na hali mbaya ni nyingine: milima iliyofichwa na mawingu, radi, mikondo ya upepo inayobadilika ghafla karibu na ardhi, na viwanja visivyo na taa wala mitambo ya kuongozea.

Inafanana na ajali ya Bukoba?

Kidogo sana. Precision Air, ATR 42 iliyotumbukia Ziwa Viktoria tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa asubuhi, katika mvua, na watu 24 kati ya 43 waliokoka. Kule suala kubwa lilikuwa uokoaji majini, ambapo wavuvi walifika kabla ya wenye zana. Buffalo hakukuwa na mtu wa kuokoa ndani ya ndege.

Kuna uhusiano gani na Rwanda na Arusha?

Miongoni mwa abiria alikuwa Alison Des Forges, mwanahistoria wa Human Rights Watch na mmoja wa wataalamu wakuu duniani kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994. Alitoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi kadhaa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Alikuwa anarudi nyumbani. Buffalo ndiko alikoishi.

Abiria anaweza kufanya nini kwenye ndege ya pangaboi usiku wa hali mbaya?

Katika ajali kama ya Buffalo, hakuna. Tunasema hivyo wazi kwa sababu orodha za “jinsi ya kunusurika” mara nyingi huficha ukweli huo. Lakini ajali nyingi za ndege ndogo hutokea kwenye au karibu na njia ya kurukia, na huko kuna nafasi.

Funga mkanda chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga, na uukaze hadi usiweze kupenyeza ngumi. Hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa mbele na wa nyuma, kwa kuvigusa, kwa maana gizani na kwenye moshi utategemea mkono. Vaa viatu visivyochomoka mguuni, na usivivue wakati wa kuruka na kutua. Kama njia inapita majini, jaketi la kuokolea usilijaze ukiwa ndani. Litakupandisha darini na hutaweza kuinama kutoka. Mzigo uache.

Na rubani akitangaza kuwa safari imeahirishwa kwa hali ya hewa, usimbane mhudumu wa kaunta.

Nikisoma ripoti ya ajali nyingine, nitazame nini kwanza?

Kwa taratibu za kimataifa, ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ikiwezekana ndani ya miezi 12. Ya awali hutoa ukweli bila sababu, kwa hiyo anayetangaza sababu wiki ya kwanza anabahatisha. Katika ya mwisho, anza na jedwali la kinasa data: kasi, kimo, pembe ya pua, nguvu ya injini, sekunde kwa sekunde. Kisha soma maandishi ya kinasa sauti ukilinganisha na sekunde hizo hizo. Ukiona kasi inashuka na hakuna anayeitaja, au kengele inalia na mazungumzo yanaendelea, weka alama hapo, halafu nenda sura ya mafunzo uone kama marubani waliwahi kufundishwa kukabiliana na jambo hilo au waliambiwa tu kwamba lipo.